Istilahi za Kutenganisha na Kubainisha Protini Ndugu katika Majimaji ya Kijusi

1. Utangulizi

Hivi karibuni ililetwa ofisini kwetu rasimu ya kijikaratasi cha maelezo kwa wajawazito, ikiombewa kusahihishwa lugha. Ilitoka katika hospitali moja ambayo hapana haja ya kuitaja. Sarufi yake haikuwa na dosari kubwa. Sentensi moja ilisema: “Endapo kipimo cha maji ya uzazi kitaonyesha protini nyingi, daktari atakueleza hatua inayofuata.” Kabla ya kuirudisha niliisoma kwa sauti mbele ya mwenzetu mmoja wa ofisini, ambaye siku hizo alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Kwa hiyo, kaka, nipunguze maharage na mayai?”

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Aliyeuliza ni mtu aliyesoma, na Kiswahili ndiyo kazi yake. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la neno. Katika masikio ya mjamzito neno “protini” hubeba maana mbili anazozijua tayari. Ya kwanza ni ya chakula: nyama, samaki, maharage, dagaa. Ya pili ni ya mkojo: anajua kwamba kliniki hupima mkojo wake, na kwamba protini ikionekana humo huenda ikawa dalili ya kifafa cha mimba. Sasa rasimu ile ilimletea maana ya tatu bila kumwonya kwamba ni ya tatu.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha ya msomaji asiye mwanasayansi, namna wataalamu wanavyotenganisha protini zinazokaribiana sana katika majimaji yanayomhusu kijusi, na kupima istilahi tunazohitaji ili kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili. Mapendekezo yaliyomo ni ya mwandishi. Hayajawa maamuzi ya Baraza, na yanaletwa hapa ili wasomaji wayajadili.

2. Majimaji yenyewe

Wataalamu wa elimu ya viumbe hukiita kiumbe kilichomo tumboni kiinitete hadi mwisho wa wiki ya nane, na baada ya hapo hukiita kijusi. Majimaji yanayochunguzwa ni ya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni damu ya kijusi chenyewe, ambayo mara nyingi hupatikana katika kiungamwana wakati wa kuzaliwa. Damu hiyo ikiachwa igande, majimaji yanayobaki juu huitwa seramu. Aina ya pili ni yale majimaji yanayokizunguka kijusi ndani ya mfuko wake.

Hayo ya pili yana majina kadhaa. Wakunga husema “chupa imepasuka”, na hapo kila mtu anaelewa. Lakini “maji ya chupa” leo ni maji yanayouzwa dukani, kwa hiyo jina hilo haliwezi kuandikwa katika fomu ya maabara. “Maji ya uzazi” ni jina zuri kwa mazungumzo na mama, maana linaeleweka bila ufafanuzi. Katika maandishi ya kitaalamu ninapendekeza kiowevu cha amnioni, kwa kuwa utando unaoutengeneza mfuko huo huitwa amnioni na majina mengine ya kitaalamu hujengwa juu yake. Si dhambi dhana moja kuwa na jina la kliniki na jina la maabara, mradi kila moja lijue mahali pake.

3. Protini mbili za ukoo mmoja

Ndani ya majimaji hayo mna protini nyingi sana. Tuchukue mbili tu, kwa sababu kisa chao kinabeba karibu kila tatizo la istilahi tunalotaka kulijadili.

Ya kwanza ni albumini, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika seramu ya mtu mzima. Ya pili ni alfafetoprotini. Hii hutengenezwa na kijusi, kwanza katika kifuko cha kiiniyai na kisha katika ini lake. Katika seramu ya kijusi hufikia kilele kati ya wiki ya 12 na ya 14 hivi ya ujauzito, ambapo huwa kama gramu 3 katika lita moja. Baada ya hapo hupungua, na mtoto akishapita mwaka mmoja hubaki kiasi kidogo mno. Albumini huchukua nafasi yake.

Protini hizi mbili ni ndugu kwa maana halisi ya neno. Jeni zao zimepangana karibu karibu katika kromosomu ya 4, na yaonekana zote zilitokana na jeni moja ya kale iliyojirudufu. Kila moja ni mnyororo mmoja: albumini ina asidi amino 585, na alfafetoprotini zipatazo 590. Ukiilaza minyororo hiyo sambamba, utakuta karibu asidi amino nne katika kila kumi zinalingana. Uzito wa molekuli ya albumini ni kama daltoni 66,500. Wa alfafetoprotini unakaribia 70,000. Hata chaji zao za umeme hazipishani sana.

Msomaji wa jarida hili ataelewa upesi nikisema kwamba protini hizi zinahusiana kama Kiswahili na Kizigua. Asili ni moja, na maneno mengi yanalingana, lakini ni lugha mbili, na anayeziita lugha moja amekosea.

Tofauti moja ni muhimu sana kwa tabibu. Katika kiowevu cha amnioni, sehemu kubwa ya albumini hutoka kwa mama, bali alfafetoprotini hutoka kwa kijusi. Kwa hiyo kupima “protini” yote kwa jumla katika kiowevu hicho hakumwambii daktari jambo analolitafuta. Hapo ndipo ile sentensi ya kijikaratasi inapokuwa si pungufu tu bali batili.

4. Jina la alfafetoprotini

Mwaka 1956 watafiti Bergstrand na Czar wa Uswidi waliiweka seramu ya kijusi cha binadamu juu ya karatasi iliyoloweshwa, wakapitisha umeme. Protini zikatembea, kila moja kwa kasi yake. Katika karatasi hiyo waliona ukanda usiopatikana katika seramu ya mtu mzima, nao ulikuwa nyuma kidogo ya albumini, katika eneo ambalo wataalamu huliita la alfa. Hapo ndipo lilipo chimbuko la “alfa” katika jina tunalolijadili: ni jina la mahali protini inaposimama karatasini.

Je, tulitafsiri jina hili? Mara nyingi limependekezwa “protini ya kijusi”. Nalipinga kwa sababu mbili.

Kwanza, protini za kijusi ni nyingi. Mwaka 1944 Kai Pedersen, naye wa Uswidi, alitenga katika seramu ya ndama ambaye hajazaliwa protini iliyopewa jina la fetuini. Hiyo nayo kwa tafsiri itakuwa “protini ya kijusi”, hali si alfafetoprotini wala si ya ukoo wake. Himoglobini ya kijusi nayo ni protini, na ni ya kijusi. Tukitafsiri tutakuwa tumezipa protini tatu jina moja, na kazi ya miaka mingi ya kuzitenganisha tutakuwa tumeifuta kwa kalamu.

Pili, alfafetoprotini haiishi kwa kijusi tu. Mwaka 1963 Abelev na wenzake mjini Moscow waliiona katika panya wenye saratani ya ini, na mwaka 1964 Tatarinov aliionyesha katika seramu ya binadamu mwenye saratani hiyo. Hadi leo hupimwa kwa ajili hiyo, na jambo hilo linatuhusu Afrika Mashariki, ambako homa ya ini aina ya B na sumu ya ukungu wa nafaka ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini. Mzee wa miaka sitini akiandikiwa kwamba ana “protini ya kijusi”, atafahamu nini?

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayopendekeza ni hii: jina maalumu la protini litoholewe zima, wala lisitafsiriwe. Tuseme alfafetoprotini, albumini, fetuini, kama vile tusivyotafsiri jina la mtu.

Lakini tujihadhari na ufupisho. Watumishi wa afya wamezoea herufi AFP, na katika vituo vyetu herufi hizo hizo hutumika kwa ufuatiliaji wa watoto wanaolegea viungo ghafla, yaani kazi ya kudhibiti polio. Katika daftari moja la kituo kimoja, herufi tatu zinaweza kuwa na maana mbili zisizohusiana hata kidogo. Jina liandikwe kamili.

5. Majina ya njia za kutenganisha

Ikiwa majina ya protini tunayakopa, majina ya kazi hatuna sababu ya kuyakopa yote. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya kutenganisha, maana jikoni na kiwandani kwetu ni kazi ya kila siku. Tunapepeta kwa ungo, na makapi hupeperuka kwa kuwa ni mepesi. Tunachekecha kwa chekeche, na kinachopita ni kidogo kwa umbo. Tunachuja tui kwa kifumbu. Tunachambua mchele kwa jicho na kidole, tukiitambua chenga na changarawe moja moja. Kila kitenzi kina kigezo chake: uzito, ukubwa, hali ya kitu, utambuzi.

Maabara nayo ina vigezo vyake, na hapo ndipo panapohitaji hadhari, kwa sababu neno la nyumbani laweza kuingia maabara likiwa limebeba picha isiyo sahihi.

(a) Kutenganisha kwa mwendo wa umeme. Arne Tiselius wa Uswidi alieleza chombo chake mwaka 1937, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Protini zenye chaji huwekwa katika uwanja wa umeme, nazo husogea kuelekea ncha yenye chaji iliyo kinyume na yake. Zamani zilitembea katika kimiminika au karatasi; baadaye zikatembezwa katika jeli. Kwa njia hii jikoni kwetu hakuna mfano. Afadhali tutohoe elektroforesisi, tuipe fasili ya Kiswahili iliyo wazi, na alama zinazoonekana tuziite mikanda. Kwa protini zetu mbili njia hii husaidia nusu tu, kwani mikanda yake hukaribiana, na albumini nyingi huifunika jirani yake.

(b) Kutenganisha kwa jeli yenye vitundu. Mwaka 1959 Porath na Flodin wa Uppsala walionyesha kwamba mchanganyiko wa protini ukipitishwa katika safu ya punje za jeli zenye vitundu, protini hutengana kwa ukubwa. Wengi huiita njia hii “uchujaji”. Msomaji akisikia hivyo atafikiria chekeche au kifumbu: kidogo hupita, kikubwa hubaki. Ukweli ni kinyume chake. Molekuli ndogo huingia vitunduni na kuchelewa humo. Kubwa, kwa kuwa haziingii, hupita kando ya punje na kutoka mwanzo. Mwanafunzi aliyeshika picha ya chekeche ataisoma matokeo yake kichwa chini miguu juu. Ninapendekeza utengaji kwa vitundu vya jeli. Ni jina refu kidogo, lakini halidanganyi. Hata hivyo albumini na alfafetoprotini hazitengani hapa, kwa kuwa ukubwa wake unakaribiana mno.

(c) Kromatografia. Jina hili lilianzishwa na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, mwanzoni mwa karne ya ishirini alipotenganisha rangi za majani. Asili yake katika Kigiriki ni kuandika kwa rangi. Protini za seramu nyingi hazina rangi ya kuonekana, kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa ya kupotosha. Tutohoe.

(d) Kromatografia ya mshiko teule. Hapa ndipo ndugu wawili wanapoachana. Punje za jeli hufungiwa kitu kinachoishika protini moja na kuiacha nyingine. Iko rangi ya buluu ambayo ikifungiwa katika punje huishika albumini ya binadamu kwa nguvu, na alfafetoprotini iliyo nyingi hupita. Au kinyume chake: punje hufungiwa kingamwili inayoitambua alfafetoprotini pekee, seramu hupita, alfafetoprotini hubaki, kisha huachishwa kwa kubadili hali ya kimiminika. Nimechagua mshiko kwa sababu ni tendo la mkono, na teule kwa sababu mkono huo huchagua. Kati ya vitenzi vyetu vya nyumbani, hii inafanana na kuchambua.

Kanuni ya pili, basi: jina la kazi lijengwe kwa Kiswahili, lakini kwanza lijaribiwe kwa swali hili: “Mtu asiyeijua kazi hii, akilisikia jina, ataona nini kikitoka kwanza na nini kikibaki?”

6. Kutenganisha, kutambua, kubainisha, kupima

Vitenzi hivi vinne huchanganywa sana hata na waandishi hodari, nasi tuvipange.

Kutenganisha ni kuviweka mbali vilivyochanganyika. Kutambua ni kukipa kitu jina lake: kusema hii ni alfafetoprotini, ile ni albumini. Kubainisha ni kueleza sifa za kitu kilichokwisha kutengwa: uzito wake, chaji yake, mpangilio wa asidi amino zake, sukari zilizoshikamana nacho. Kupima ni kusema kipo kiasi gani. Maabara ya hospitali hutambua na kupima. Maabara ya utafiti ndiyo hutenganisha na kubainisha. Kuandika kwamba “muuguzi alibainisha protini” ni kumpa muuguzi kazi ya miaka ya mtafiti.

Ubainishaji umeonyesha jambo lingine lenye kuhitaji jina. Alfafetoprotini ina mnyororo mmoja wa sukari ulioshikamana nayo, na mnyororo huo haufanani kila mahali. Ile inayotengenezwa katika kifuko cha kiiniyai hutofautiana na ile ya ini. Zinatofautishwa kwa lektini, yaani protini za mimea zinazoshika sukari za namna fulani. Lektini moja mashuhuri hupatikana katika aina ya maharage makubwa, na nyingine katika adesi. Lektini ya maharage huishika karibu alfafetoprotini yote ya ini la kijusi, lakini sehemu kubwa ya ile ya kifuko cha kiiniyai huiacha. Lektini ya adesi husaidia katika saratani ya ini, ambapo sehemu inayoshikwa nayo huelekea kuongezeka.

Hizi tuziiteje? Si protini mbili, maana mpangilio wa asidi amino ni mmoja. Kwa mfano wetu wa awali, albumini na alfafetoprotini ni lugha mbili za ukoo mmoja, lakini hizi za sukari ni lahaja za lugha moja. Neno “lahaja” tuliache kwa wanaisimu. Ninapendekeza kibadala sukari, wingi vibadala sukari. Wasomaji wanaoijua fonimu na alofoni zake hawatapata taabu.

7. Vimeng’enya viwili na mgongo wazi

Tuje sasa kwenye kazi inayomfikia mama. Mwaka 1972 Brock na Sutcliffe wa Edinburgh walionyesha kwamba alfafetoprotini huzidi katika kiowevu cha amnioni iwapo kijusi kina ubongo usiofunikwa na fuvu, au uti wa mgongo ulioachwa wazi. Sababu yake ni rahisi. Damu ya kijusi ina alfafetoprotini zaidi ya mara mia kuliko kiowevu kinachokizunguka. Mahali pasipo na ngozi, protini huvuja.

Lakini wingi huo huo huweza kuleta uongo. Sindano ikichota kiowevu na kuingiza tone la damu ya kijusi, kipimo hupanda ingawa mtoto ni mzima. Ilitakiwa protini nyingine ya kuthibitisha. Mwaka 1979 watafiti wa Uingereza walieleza kipimo cha vimeng’enya viwili ambavyo navyo ni ndugu. Vyote viwili huvunja asetilikolini. Kimoja, kolinesterasi ya kawaida, kimo katika kila kiowevu cha amnioni. Cha pili, asetilikolinesterasi, hutoka katika neva, na huonekana kwa wingi pale tishu za neva zinapokuwa wazi. Kiowevu kikipitishwa umeme katika jeli na kutiwa rangi, kijusi kizima huonyesha ukanda mmoja wa mwendo wa polepole. Chenye uti wazi huonyesha wa pili uliotangulia mbele. Mtaalamu huhakikisha kwa kutia kizuizi kinachomzima ndugu mmoja tu: ukanda wa mbele ukitoweka, basi ndio wenyewe. Hapa uhai wa hukumu nzima umo katika kuwatofautisha ndugu wawili ndani ya jeli moja. Anayeandika “kolinesterasi imeonekana” bila kusema ipi, hajaandika kitu.

Jina la ugonjwa wenyewe nalo lina kasoro. “Mgongo wazi” limeenea nchini, na ni jina la huruma na la kueleweka. Lakini iko hali ya uti wa mgongo usiofunga sawasawa, huku ngozi ikiwa imeufunika. Hapo protini hazivuji, na vipimo hivi havioni kitu. Tukiziita zote “mgongo wazi”, tutalazimika kusema “mgongo wazi uliofunikwa”, na mama ataambiwa kwamba kipimo cha mgongo wazi hakikuonyesha mgongo wazi wa mtoto wake. Ninapendekeza jina la jumla liwe mpasuko wa uti wa mgongo, chini yake tuwe na mgongo wazi na mpasuko uliofunikwa.

Yafaa kuongeza kwamba katika nchi nyingi leo picha za mawimbi ya sauti zimechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na kiowevu cha amnioni hakichotwi kwa wepesi kama zamani. Kipimo cha alfafetoprotini katika damu ya mama bado kinatumika, kwa kawaida kati ya wiki ya 15 na ya 20. Hicho ni kipimo cha mchujo, wala si kipimo cha uthibitisho. Huweza kupanda kwa sababu mimba ni ya pacha, au kwa sababu wiki zimehesabiwa vibaya. Majina haya mawili yasipotenganishwa, mama huchukua onyo kuwa hukumu.

8. Orodha ya mapendekezo

Albumini: protini iliyo nyingi kuliko zote katika seramu ya mtu mzima.
Alfafetoprotini: protini ya ukoo wa albumini, hutengenezwa na kifuko cha kiiniyai na ini la kijusi.
Elektroforesisi: kutenganisha molekuli zenye chaji kwa mwendo wake katika uwanja wa umeme.
Kibadala sukari: namna mojawapo ya protini ile ile, yenye mnyororo wa sukari ulio tofauti.
Kiowevu cha amnioni: majimaji yanayokizunguka kijusi, kwa mama, maji ya uzazi.
Kipimo cha mchujo: kipimo cha kuwapata wanaohitaji kuchunguzwa zaidi.
Kipimo cha uthibitisho: kipimo cha kuamua kama hali ipo au haipo.
Kromatografia ya mshiko teule: kutenganisha kwa kitu kinachoshika molekuli moja na kuacha nyingine.
Kubainisha: kueleza sifa za kitu kilichokwisha kutengwa.
Lektini: protini ya kushika sukari za namna maalumu, aghalabu ya mmea.
Mpasuko wa uti wa mgongo: hali ya uti wa mgongo kutofunga sawasawa, uwe wazi au umefunikwa.
Utengaji kwa vitundu vya jeli: kutenganisha kwa ukubwa, ambapo molekuli kubwa hutoka kwanza.

9. Hitimisho

Turudi kwa mwenzetu na maharage yake. Tuseme angeitii sentensi ile kama alivyoifahamu. Asingepunguza alfafetoprotini hata chembe, kwa sababu haitoki sahanini. Lakini maharage ni chakula chenye foleti kwa wingi, na upungufu wa foleti kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo huongeza hatari ya mgongo wazi. Uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, kwa hiyo kwa mtoto yule wa miezi mitano jambo lilikuwa limekwisha kupita. Ila mama aliyeamini kwamba maharage ndiyo yaliyopandisha protini angeyaepuka pia kabla ya mimba inayofuata. Sentensi iliyoandikwa ili kumlinda mtoto ingemwelekeza mama kwenye lile lile linaloogopwa.

Niliirudisha rasimu ikiwa na sentensi hii: “Damu yako itapimwa alfafetoprotini, ambayo hutengenezwa na mtoto aliye tumboni. Haitokani na chakula unachokula, wala si ile protini inayopimwa katika mkojo. Ikizidi, haimaanishi kwamba mtoto ana kasoro; inamaanisha kwamba unahitaji kipimo kingine cha kuthibitisha.” Ni sentensi tatu badala ya moja. Nilimsomea tena mwenzetu. Safari hii aliuliza kipimo hicho cha pili hufanyika wapi, nami nikaona kwamba swali limefika mahali pake.